Friji ya Saa Kumi

Mvua ya mawe ya Kericho haipigi hodi. Dakika moja jua lilikuwa linawaka juu ya soko, dakika iliyofuata watu walikuwa wanakimbilia baraza la supamaketi huku mawe yakigonga mabati kama mahindi yanayomwagwa kwenye sinia. Chepkurui alifika wa mwisho, mtungi wa maziwa mkononi, sweta yake ya zambarau imelowa mabegani. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, na ilikuwa imekaliwa na boksi.

"Hii boksi ni ya nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni yangu, dada. Pole sana." Kijana mrefu mwenye koti la mvua la kijani aliliinua akalikumbatia kifuani. "Simama hapa. Nayo haipendi maji."

"Kwani ni nini? Vifaranga?"

Chepkurui mwenyewe alishangaa. Yeye, ambaye kanisani huimba midomo ikitembea bila sauti, alikuwa amemtania mwanamume asiyemjua.

Kijana alicheka. Alifungua boksi kidogo akamwonyesha kijidude cheupe, kidogo kuliko kiberiti. "Hivi vifaranga havili, vinaongea na simu tu. Ukiweka hii ndani ya friji, inakutumia joto lake popote ulipo. Mlango ukiachwa wazi, inapiga kelele kwa simu yako na kwa simu yangu."

Moyo wa Chepkurui uliruka, na haikuwa kwa sababu ya meno meupe ya yule kijana. Au haikuwa kwa sababu hiyo peke yake. Asubuhi ile ile Madam Dolphine, mkuu wa jikoni katika hoteli iliyo juu ya mji, alikuwa amemwambia kwamba kuanzia mwezi ujao watapokea maziwa tu kutoka duka ambalo friji yake inaandika joto lake usiku na mchana. Na hoteli ile ndiyo iliyochukua nusu ya maziwa ya duka lake. Alikuwa amezunguka maduka matatu ya umeme, na yote matatu yalimcheka.

"Wewe ndio unaweka?"

"Mimi ndio fundi, mimi ndio mbeba boksi. Naitwa Otiende. Natoka Ahero, lakini baridi yenu imenizoea."

"Si ni wewe umeizoea?"

"Apana, baridi ndio imenizoea mimi. Imenipiga mwaka mzima mpaka ikachoka."

Kesho yake alikuja dukani, akabandika kifaa ndani ya friji na kuwafundisha kusoma namba kwenye simu. Anti Chepchirchir, shangazi yake Chepkurui aliyemsaidia kuuza, alimkagua fundi kuliko alivyokagua kifaa.

"Huyu Mjaluo anaongea na friji vizuri," alisema baada ya Otiende kuondoka. "Lakini macho yake yalikuwa kwa mwenye friji."

"Anti! Wateja wanasikia."

"Wasikie. Mimi sijasema uongo."

Wiki ya kwanza simu haikulia. Halafu siku moja, saa kumi jioni, Anti alitoa chupa ya mtindi akasahau kufunga mlango. Simu ya Chepkurui ikalia.

"Chepkurui," sauti ya Otiende ikasema, "friji yako inalia. Imefika digrii tisa. Umeikosea nini?"

"Ni Anti amesahau mlango."

"Mwambie nimemsamehe. Na wewe uko aje?"

"Niko salama."

"Umekula nini mchana?"

"Chai na ndizi."

"Ndizi! Jaber, hiyo ni chakula?" Jaber, alimweleza, ni jina ambalo kwao huitwa msichana mrembo. Chepkurui aliangalia chini ingawa hakuna aliyemwona. Waliongea dakika ishirini. Mlango wa friji ulikuwa umefungwa katika dakika ya kwanza.

Baada ya hapo, kimya. Siku tatu Chepkurui aliitazama simu mezani. Angeweza kumpigia, namba alikuwa nayo. Lakini mama yake, kule kwao Chepseon, alikuwa amemwambia jambo moja siku aliyoondoka kwenda chuo: msichana akipiga simu kwanza, atapiga yeye maisha yake yote.

Siku ya nne, saa kumi, duka likiwa limetulia, alifungua mlango wa friji upana wa kidole. Maziwa ya hoteli yalikuwa yameshakwenda asubuhi. Chupa chache za mtindi zilizobaki alizihamishia kwenye ndoo ya maji baridi. Nani angeumia? Aliketi juu ya kreti, akapanga mikunjo ya rinda lake, akangoja.

Simu ililia baada ya dakika kumi na mbili.

"Jaber, hii friji yako ina huzuni gani?"

"Sijui," alisema, akitabasamu ukutani. "Labda ni mzee."

Ikawa desturi. Kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi, mlango ulifunguka na simu ikalia. Otiende alimweleza juu ya mpunga wa Ahero na mama yake aliyeogopa ngazi. Chepkurui alimweleza jinsi majani ya chai yanavyonuka wakati kiwanda kinafanya kazi na mvua imekatika. Alikuwa anaongea maneno mengi kuliko aliyoongea chuoni kwa miaka miwili. Lakini Otiende hakuwahi kupiga simu saa nyingine, na hakuwahi kuja bila kazi. Chepkurui naye hakuuliza kwa nini.

Mwisho wa mwezi Madam Dolphine aliingia dukani, skafu yake ya hariri shingoni, karatasi mkononi.

"Chepkurui, mara ishirini na mbili! Friji yako imepanda joto mara ishirini na mbili mwezi mmoja."

"Madam, maziwa yenu hayakuwa ndani wakati huo."

"Mimi nakuamini. Karatasi hii haisemi hivyo, na mkaguzi hasomi uso wako, anasoma karatasi. Zamani ningeonja maziwa nikaridhika. Siku hizi friji ndiyo inatoa ushahidi." Aliikunja karatasi taratibu. "Tumechukua mtu mwingine. Pole, mama."

Chepkurui hakulia mbele yake. Saa kumi ilipofika alifungua mlango wa friji, maana alitaka kulia akisikia ile sauti.

"Hallo, hapa ni ofisini," mtu mwingine alisema. "Tafadhali funga mlango wa friji."

"Otiende yuko wapi?"

"Amepelekwa Boito, miezi minne. Hoteli ililalamika, na yeye mwenyewe alikubali kwamba alibandika kifaa chako vibaya."

Simu ilikatika. Chepkurui alibaki amesimama na ubaridi ukimpanda miguuni. Kifaa kilikuwa kimebandikwa vizuri. Hakuna aliyejua hilo kuliko yeye.

Siku tisa zilipita. Otiende hakupiga. Jioni Chepkurui aliweza kufua, kuosha mitungi, kuhesabu chupa, lakini saa kumi mikono yake ilisahau kazi. Akamwambia Anti kila kitu. Anti Chepchirchir alimsikiliza akikamua kitambaa ndani ya ndoo.

"Kwa hivyo umepoteza hoteli na fundi kwa sababu ya kuogopa kupiga simu?"

"Mama alisema—"

"Mama yako! Unajua nani alikwenda kumwambia baba yako akuje kwao? Mimi. Alinituma huyo mama yako, kwa miguu, na mvua inanyesha. Vaa viatu."

Ofisi ya Bwana Ombati, mkubwa wake Otiende, ilikuwa ghorofani, imejaa nyaya. Chepkurui alisimama mlangoni amevaa gauni lake la Jumapili, la buluu lenye kola nyeupe, kwa sababu ndilo lililompa nguvu kidogo.

"Otiende hakukosea," alisema. "Mimi ndio nilikuwa nafungua friji."

"Kwa nini ufungue friji ya maziwa?"

Makarani wawili waliacha kuandika.

"Ili anipigie simu," akasema.

Karani mmoja alikohoa. Bwana Ombati alivua miwani. "Binti, nimekuwa kwa hii kazi miaka kumi. Nimeona panya wakifungua friji, nimeona walevi. Hii sijaona." Akavuta daftari. "Nitafuta lile kosa kwa jina lake. Lakini Boito abaki mpaka amalize, nimeshaahidi wakulima. Na jina la duka lako litabaki na doa hilo miezi sita. Mashine haijui kusamehe."

"Iniwekee tu hilo doa. Ni langu."

Chepkurui aliposhuka Boito, kulikuwa kijani kila upande, chai imekatwa sawasawa kama zulia. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa wanawake walikuwa kwenye foleni na mitungi yao. Otiende alikuwa juu ya ngazi akifunga waya kwenye tangi la kupoza, ovaroli ya buluu ina vumbi magotini. Alipomwona alishuka polepole.

"Chamgei," alisema, akimsalimu kwa Kikalenjin, na hakutania.

"Nimeenda kwa Bwana Ombati. Nimemwambia ni mimi nilifungua mlango."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Chepkurui, mimi ni fundi. Friji ikiharibika haiharibiki saa kumi kila siku na kupumzika Jumapili. Nilijua tangu wiki ya pili."

"Na ukasema umebandika vibaya?"

"Ningesema nini? Kwamba msichana wa watu anacheza na mlango? Wangekucheka mji mzima."

Chepkurui alipangusa machozi. "Kwa nini hukunipigia hata siku moja tangu uje huku?"

"Kwa sababu nilichoka kuitwa na friji!" Sauti yake ilipasuka, na wanawake wakageuka. "Kila siku nangoja. Nasema leo atanipigia mwenyewe. Leo ataniuliza kama nimekula. Hupigi. Nikasema labda ni mchezo tu wa kupitisha jioni. Kule mjini kila usiku nililala na simu kwa sikio, Jaber. Huku network iko juu ya ngazi peke yake. Unafikiri nakaa pale juu kutafuta nini?"

Chepkurui alishika kola yake. Maneno ya mama yake yalikuja mpaka kwenye ulimi, akayameza.

"Umekula?" akauliza.

"Nini?"

"Nakuuliza kama umekula. Nimeuliza mimi."

Otiende alicheka kidogo, lakini Chepkurui hakuwa amemaliza. Hakuangalia chini.

"Miezi minne ni mingi. Nitakupigia kila jioni, upande hiyo ngazi yako. Na Jumamosi ya kwanza ya Desemba nitakuwa kwetu Chepseon. Nataka uje. Usije peke yako. Kuja na wazee."

Otiende, mwenye jibu la kila kitu, alikunja kipande cha waya mkononi, akakikunjua. Foleni nzima ilikuwa imesogea karibu. Mwanamke mmoja wa makamo, mtungi begani na lesso kiunoni, alipoteza subira.

"Kijana, si umjibu? Maziwa yetu yanaganda hapa!"

"Nitakuja," Otiende alisema. Alifuta mkono wake kwenye ovaroli mara mbili kabla ya kumshika wake. "Nina wajomba wawili. Mmoja anaogopa baridi."

"Aje na blanketi," Chepkurui alisema, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia.