Mkanda Ambao Sikuusogeza

"Usitikise hivyo, mwanangu. Taratibu, kama unabembeleza mtoto."

Mwalimu wetu wa darasa la jioni la kupiga picha, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikuwa amesimama nyuma yangu katika chumba cha giza. Taa nyekundu ilitupaka sote rangi moja. Nilikuwa nasafisha picha ya kwanza ya mkanda wangu wa kwanza, nyeusi na nyeupe, kutoka kwenye kamera kuukuu niliyopewa na baba mdogo. Karatasi ilikuwa tupu ndani ya dawa. Kisha kivuli kikajitokeza, kikawa jicho, kikawa shavu, kikawa mtu.

"Nimepata! Mwalimu, nimepata!"

"Nani huyo?"

"Shoga yangu. Ni msusi, nilimpiga picha saluni kwake..."

Nikaacha kutikisa. Karibu na shavu la shoga yangu palikuwa panatokea shavu jingine. Kidevu kile nakijua. Kovu lile juu ya nyusi nalijua. Mchumba wangu, fundi friji, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono wake umelala begani mwa shoga yangu, na wote wawili wanacheka.

"Mbona umeacha?"

"Mwalimu, huyu mwanamume ni wangu. Tunafunga ndoa mwezi ujao."

"Na huyu mwanamke?"

"Ndiye msimamizi wangu wa harusi."

Mwalimu akasogea karibu. Akaishika picha kwa koleo, akaipitisha kwenye dawa zilizobaki, akaisuuza, tukatoka nayo kwenye mwanga.

"Uliwapiga wakiwa pamoja?"

"Hapana! Shoga yangu nilimpiga saluni. Mchumba nilimpiga karakana kwake siku hiyo hiyo, kaegemea friji bovu."

"Ulipomaliza kumpiga msusi, ulizungusha kile kishikio cha kamera cha kusogeza mkanda?"

"Nizungushe tena? Si nilishazungusha wakati wa kuuweka?"

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.

"Hii siyo simu, mwanangu. Usiposogeza mkanda, picha ya pili inapanda juu ya ile ya kwanza. Huu mkono haupo begani kwa mtu, umeshika mlango wa friji. Mpini huu hapa, umepita katikati ya kioo cha saluni. Umeuona?"

Nikauona. Nikashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Mungu akubariki, mwalimu. Nilikuwa nimeshavunja harusi kichwani."

"Kila anayeanza hufanya kosa hili. Kuna mmoja alimpandisha mama mkwe juu ya punda. Hawakusemeshana mwaka mzima."

Ningeondoka na amani yangu, isipokuwa njiani nilimtumia shoga yangu ujumbe.

"Shoga, picha yako ya saluni imetoka! Utacheka."

Jibu likaingia kabla sijairudisha simu kwenye mkoba.

"Ipi? Niko peke yangu?"

Nikasimama. Shoga yangu huyu, hata akipigwa picha ya kitambulisho, swali lake la kwanza ni kama amependeza.

"Kwa nini unauliza hivyo?" nikaandika.

"Nauliza tu jamani. Usimwonyeshe mtu kabla sijaiona."

Nikaanza kukumbuka vitu nilivyovipuuza. Zamani mchumba wangu alimwita "shemeji" kwa sauti, nyumba nzima isikie. Siku hizi anasema "yule rafiki yako", tena kwa chini, kama mtu anayesogeza kikombe asigutushe mtoto. Na siku ile nilipofika karakana na kamera, kabla ya salamu aliniuliza, "Umetoka saluni? Umemkuta nani?" Nikadhani ni maneno tu.

Nikaomba pale pale barabarani, macho wazi: Ee Mungu, kama ni wivu wangu, niondolee. Kama si wivu, usinifiche.

Kesho yake nilipotoka kazini, kwenye duka la dobi ninakopiga pasi, nikaenda karakana.

"Karibu, mama watoto! Leo unatembea kama mpiga picha wa magazeti."

"Nimekuletea picha. Utacheka."

Nilitaka kweli acheke. Angecheka tu, ningepona.

Akajipangusa mikono kwenye ovaroli, akaipokea. Hakucheka. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele, akatazama mlangoni.

"Nani amekupa hii?"

"Nimeisafisha mwenyewe."

"Ulisimama wapi?"

"Wapi, lini?"

"Usinichezee bwana. Nilimwambia afunge pazia."

Nilisikia maneno yale, lakini yalichukua muda kunifikia.

"Pazia gani?"

Akageuza uso kwenye friji.

"Nakuuliza, pazia gani?"

"La chumba cha nyuma, pale saluni." Akajishika kichwa. "Mpenzi, nisikilize. Shetani alinipitia."

"Alikupitia mara ngapi?"

"Si... si nyingi."

"Basi huyo si mpita njia. Huyo ni mpangaji."

"Nisamehe. Mimi nilitaka nikuambie. Yeye ndiye aliyesema tungoje harusi ipite."

"Ipite, halafu?"

Akaiweka picha mezani.

Nikamsogezea picha. Mikono yangu, ajabu, ilikuwa imetulia.

"Wewe ni fundi. Itazame vizuri. Huo mkono wako umeshika nini?"

Akainamia picha. Nikaona macho yake yakitembea, yakisimama, yakirudi nyuma.

"Mpini," akasema polepole. "Mpini wa friji. Hii ni hapa hapa karakana."

"Na yeye?"

"Yuko saluni."

"Nilisahau kusogeza mkanda. Picha mbili zimepandana. Sikuwaona popote."

Uso ukamshuka, kisha ukapanda kwa hasira.

"Umenitega!"

"Sikukutega. Nilikuja tucheke."

Simu yake ikaita juu ya meza ya kazi. Kwenye kioo paliandikwa "Fundi Gesi". Akaruka kuichukua, lakini mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikapokea, nikaweka sauti ya juu.

"Haloo, ameshafika? Usiangalie picha yoyote, wala usikubali kitu, mpaka tupange la kusema. Haloo? Unanisikia?"

Sauti ile ndiyo iliyonisindikiza kwenda kupimwa gauni.

"Shoga, ni mimi," nikasema. "Imetoka vizuri. Umependeza."

Simu ikakatika.

Mchumba wangu akaishika picha kwa mikono miwili.

"Naichana. Tusahau, tuanze upya. Watu wameshaambiwa, mama yako atasemaje?"

"Chana tu. Mkanda wenyewe ninao."

Hakuichana. Akaiweka mezani kama kitu cha moto. Nikavua pete, nikaiacha kando yake, nikatoka. Aliniita mara moja, kwa jina alilokuwa akiniita tangu tuanze kupendana. Sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka nitalia, na nikilia ataniomba nikae.

Nje nikampigia mama.

"Mama, kadi za harusi zimeshachapishwa?"

"Kesho asubuhi ndiyo wanaanza. Mbona sauti yako hivyo?"

"Wazuie."

"Yesu wangu! Mmegombana, mwanangu?"

"Hapana, mama. Tumeelewana."