Pesa Moja, Kurasa Mbili

Fundi cherehani alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma na macho yalimwasha. Tangu asubuhi alikuwa akishona. Mume wake alikuwa safarini na lori, kama kawaida yake. Nyumbani walibaki yeye, mtoto, na wifi yake, aliyekuwa akimsaidia kushona vifungo.

Kazi haikukosekana. Wateja walijaa mlangoni. Lakini pesa hazikukaa.

Siku hiyo alitaka kwenda kununua kitambaa cha sare za shule. Alifungua kibeti. Kilikuwa kitupu.

"Wifi, pesa za sare ziko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kibeti ni chako."

"Nyumba hii ina watu wazima wawili. Mimi sijazichukua."

Wifi aliweka sindano chini. "Basi sema wazi kwamba mimi ni mwizi."

Fundi hakujibu. Wifi akainuka, akaanza kukunja nguo zake.

"Kaka akirudi, nitamuaga niende zangu," alisema.

Asubuhi yake jirani alifika kuchukua gauni. Watu walimwita Mama Risiti, kwa kuwa hakuwahi kutupa risiti hata ya kiberiti. Zamani alikuwa karani wa hesabu.

"Gauni bado, mama," alisema fundi. "Njoo kesho."

"Kesho yako haifiki! Si nilikuletea kitambaa?"

"Nimeibiwa pesa za sare, mama. Sina hata ya bitana ya ndani."

Wifi aliposikia hivyo alibeba beseni la nguo, akatoka uani. Mama Risiti alimtazama akipita.

"Ulimwona akichukua?"

"Hapana."

"Huwa unaandika?"

"Naandika zinazoingia. Zinazotoka nazikumbuka."

"Hapo ndipo zinapokupotea," alisema Mama Risiti, akivuta kiti. "Pesa ikitembea, imetoka mahali na imeingia mahali. Kwa hiyo iandike mara mbili. Lete daftari."

Alichora kurasa chache. Juu ya kila mmoja aliandika jina: Kibeti, Wateja, Mapato, Vitambaa, Nyumbani. Kila ukurasa aliugawa kwa mstari. Kushoto aliandika "Imeingia". Kulia aliandika "Imetoka".

"Wa sare alikupa kiasi gani?"

"Elfu sitini."

"Ziliingia wapi?"

"Kwenye kibeti."

"Andika Kibeti, kushoto. Zilitoka wapi?"

"Kwa mteja."

"Andika Wateja, kulia. Ukurasa huo unakukumbusha kwamba anakudai sare. Pesa zile bado si zako."

"Si zangu? Mbona amenipa?"

"Ukimkabidhi sare, deni limekwisha. Siku hiyo utaandika elfu sitini Wateja kushoto, na Mapato kulia. Hapo umezipata kweli. Haya, zilitokaje kwenye kibeti?"

Fundi alishika kichwa.

"Mwenye nyumba alikuja," alisema taratibu. "Nilimpa elfu arobaini."

"Nyumbani, kushoto. Kibeti, kulia."

"Mtoto alipougua nilinunua dawa. Elfu kumi na mbili."

"Vilevile."

"Unga na sukari. Elfu nane."

Mama Risiti alijumlisha. Kushoto kwa Kibeti, elfu sitini. Kulia, elfu sitini.

"Ukijumlisha kurasa zote, kushoto na kulia lazima zilingane. Zisipolingana, umekosea kuandika. Na salio la Kibeti lilingane na pesa iliyomo. Leo salio ni sifuri, na kibeti ni kitupu."

Fundi aliinamisha uso. Kisha akaenda uani. Wifi alikuwa akianika nguo.

"Wifi, nimekukosea. Nilizitumia mwenyewe. Nilichoka, lakini hilo si sababu ya kukuita mwizi."

"Hukuniita. Nilikuambia useme wazi, ukanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nisamehe."

Wifi alibana shati kwenye kamba. "Nipe muda," alisema.

Hata hivyo, jioni alikaa karibu na daftari. Yeye alisoma risiti, fundi akaandika mara mbili. Walikubaliana kwamba nyumba italishwa na Mapato tu, yakishatolewa gharama ya vitambaa. Pesa za wateja zingenunua vitambaa vyao.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Fundi alikopa kwa mumewe kununua kitambaa cha sare, na deni hilo nalo likapata ukurasa wake. Walikula kwa kujibana. Lakini sare zilitoka kabla shule hazijafunguliwa, na Mama Risiti alivaa gauni lake. Kodi iliyofuata ililipwa bila kugusa pesa ya mtu.

Mchana mmoja alikuja mteja mwenye haraka. Alitaka mashati mengi kwa siku mbili, na noti alikuwa ameshazitoa. Fundi alimtazama wifi.

"Kurasa zinasemaje?"

"Pesa ya nyumbani mwezi huu inatosha," alisema wifi. "Mikono ndiyo haitoshi."

Fundi akamgeukia mteja. "Wiki ijayo nitakushonea. Kwa siku mbili siwezi."

Mteja alinung'unika, kisha akakubali wiki ijayo. Alipoondoka, fundi alijilaza kwenye mkeka, palepale kando ya cherehani. Usingizi ulimchukua mara moja. Wifi alirudishia mlango polepole, jua lisimpige usoni.