Kikohozi Mlangoni mwa Wodi

Kila siku baada ya masomo, msichana ambaye kwao wote walimwita Dada alipitia hospitali na mwenzake wa dawati. Mwenzake huyo alibandikwa jina la Redio kwa utani, maana kumtoa neno ilikuwa kazi. Siku moja mdogo wake Dada alitimiza miaka saba, na ilikuwa siku ya kumi na moja tangu apandikizwe uboho, ule uliomo ndani ya mifupa na kutengeneza damu. Uboho wenyewe ulitoka kwenye nyonga ya Dada.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Una mafua? Homa? Kikohozi?" daktari akauliza mlangoni mwa wodi, kama kawaida yake.

"Mzima kabisa."

"Anakohoa tangu jana," Redio akasema. "Leo amekohoa mpaka machozi."

Dada alimgeukia. Siri ile alimwambia Redio peke yake! "Msaliti mkubwa wewe!" akafoka. "Siku zote huna mdomo, leo ndiyo umeupata? Mdogo wangu ananisubiri!"

Redio aliinamisha kichwa.

Kipimo kilionyesha mafua. Dada alimwimbia mdogo wake kwa simu, akiwa nje ya kioo cha wodi. Kuanzia hapo hakusema na Redio. Darasani alihama hata dawati.

Wiki mbili baadaye daktari alimpokea akitabasamu. "Uboho wako umeshika, mwanangu. Mdogo wako anatengeneza damu yake mwenyewe. Mwenzako yuko wapi asikie?"

"Sisemi naye. Alinisaliti."

Daktari aliketi kwenye benchi. "Nilipokuwa mwanafunzi, niliingia wodi kama hii na mafua, nikaapa mimi mzima, kwa kuogopa kukosa mtihani. Mgonjwa wangu hakuwa na kinga. Alikuwa amebakiza siku nne tu arudi nyumbani."

"Akarudi?"

"Hakurudi. Nilikuwa nataka kuwa mpasuaji. Nikaacha, nikaingia maabara. Mwaka wa kumi na tisa huu natafuta namna ya kuufanya uboho ushike mapema." "Rafiki yangu alijua naumwa. Alinifichia kwa sababu alinipenda. Mpaka leo tukikutana hatutazamani usoni. Anayekupenda kweli, mwanangu, hakufichii uongo unaoweza kumuua mtu."

Dada hakungoja hata kuingia wodini. Aliondoka mbio kwenda kwa kina Redio kumwomba radhi.