Giga Nane za Mama Jenifa

Saa 5:20 asubuhi. Nyahanga.

Chumba cha nyuma ya duka la Nkwabi kilinuka waya ulioungua. Maige alichora nyumba ya Mama Jenifa, mnunuzi wa dhahabu, juu ya kipande cha boksi.

"Fundi, rudia."

Nkwabi alijisugua macho. Siku tatu hajalala vizuri. "Wiki iliyopita kompyuta yake ya kamera niliiwekea RAM, ile kumbukumbu, ya giga nane. Makusudi nikaweka tiki ya kuibana kwenye mipangilio, kompyuta ikaona tatu tu. Kamera zinaganda. Leo namwambia dawa ni kuweka mfumo mpya. Dakika arobaini hakuna kamera, hakuna king'ora."

"Na mlinzi?" aliuliza Wilbard, dereva.

"Mzee Ndaki tunamfunga kamba stoo ya nyuma, basi," Maige alisema. Bastola ilikuwa kiunoni.

Saa 7:35 mchana. Nyumbani kwa Mama Jenifa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimenunua nane, naona tatu! Hizo tano ziko wapi?"

"Zimo, mama. Mfumo ndio hauzioni."

Nkwabi akafunga programu ya kamera. Mama Jenifa akaketi pembeni, akammenyea chungwa.

Saa 7:52.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Maige: *Mzee amenijua sura. Usiwashe mpaka nimmalize.*

Nkwabi aliusoma mara mbili. Ndaki ndiye aliyemfungulia geti, akamuuliza kama amekula.

Kelele zisingefika stoo ya nyuma. King'ora kilikuwa kinawashwa kwa kompyuta hiyohiyo, na kwa giga tatu ingeganda. Akaingia kwenye mipangilio. Akatoa tiki. Akaizima, akaiwasha upya.

Dakika moja. Ya pili. Alichoka hata kuogopa.

Giga nane.

Kamera zote sita zikafunguka bila kukwama. Kwenye ya nne, Ndaki amepiga magoti, bastola kisogoni. Nkwabi akabonyeza king'ora.

Maige alishtuka, akafyatua. Risasi ikachimba ukuta. Ndaki akajitupa nyuma ya magunia. Nje, Wilbard akaondoa gari bila kungoja mtu. Maige akaruka ukuta, akaangukia katikati ya mafundi wa gereji ya jirani waliokuwa wanakuja mbio na spana.

Mama Jenifa alikuwa amesimama, anaitazama skrini. "Nkwabi, wale ni nani?"

"Wenzangu, mama."

Akamsogezea simu, ujumbe ukiwa wazi. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho, akawangoja polisi.