Uso Uliogeuzwa

Inshira alirudi dukani magharibi, mkononi kahawa na iliki za arobaini ya baba yake, akaikuta meza yake ya kuchorea tupu. Penseli hakuna. Karatasi hakuna.

"Nimempa mzoa taka," alisema kaka yake, Shauki, bila haya. Akamsogezea kishikwambi kipya. "Chorea hiki. Wachapishaji wanataka picha ya baba kabla ya isha. Itatoka kubwa kama mlango!"

"Penseli za baba, Shauki? Huna hata aibu? Penseli za baba?"

Kwa penseli hizo marehemu Fundi Mahrusi alichora sura za wafu wa nusu ya mtaa wa Shubra, ila yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Hata kitambulisho chake, chenye picha yake pekee, kilichukuliwa na serikali siku ya kuandikisha kifo. Uso wake ulibaki vichwani mwa watu tu, na katika nyumba ile mwenye mkono wa kuutoa kichwani alikuwa Inshira. Asipoupata yeye, umepotea.

Akaketi. Kalamu iliteleza juu ya kioo kama sabuni. Penseli ilikuwa ikimjibu vidoleni. Kidude hiki hakikwaruzi, hakisikii. Akikosea, anabonyeza, mstari unatoweka bila hata vumbi la kifutio. Akalaani, akachora, akalaani tena.

"Pua imekwenda upande," Shauki alisema begani mwake. "Bonyeza hapa, picha igeuke. Kulia kuwe kushoto. Wachoraji wote siku hizi hufanya hivyo, kosa linaonekana papo hapo."

Fundi Mahrusi alifanya vivyo hivyo kwa kioo cha mkononi, lakini kwa picha za walio hai. Picha ya maiti hakuionyesha kioo kamwe, wala hakusema kwa nini. Inshira alilijua hilo. Lakini hasira hasara.

Akabonyeza.

Uso ukageuka. Akanyoosha pua, akakaza midomo, akaituma picha kwa wachapishaji ili mradi aachane nayo. Hakukumbuka kuigeuza tena.

Ilipoletwa, Shauki aliitundika sebuleni, nyuma ya duka, utepe mweusi pembeni. Mama yao, Hajja Tafida, akaingia na sinia la vikombe. Akasimama.

Akaliweka sinia mezani, akaikaribia picha.

"Nani huyu?" alinong'ona.

"Si baba, mama?" Shauki alishangaa.

"Baba yako kope ililegea upande wa kushoto, tangu alipopooza. Huyu ni ya kulia. Huyu ni karini wake... jini pacha aliyezaliwa naye. Akinyoa alikuwa akiniambia, 'Tafida, huyu wa kwenye kioo anangoja nife.'"

Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebule.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Sauti ya penseli juu ya karatasi. Ilitoka nyuma ya picha, na nyumba ile haikuwa na penseli hata moja.

Inshira alikimbilia kishikwambi. Akageuza picha. Kope ikabaki kulia. Akageuza tena. Kulia. Akafuta midomo, ikafutika. Akafuta pua, ikafutika.

Macho hayakufutika.

"Mshenzi wewe!" alipiga kelele. "Hunichukulii baba yangu!" Akachana karatasi ya kahawa, akashika kijiti cha kibiriti kilichoungua, akaanza upya. Paji la uso likatoka. Masharubu yakatoka. Alipofika machoni, mkono ukakwama. Alifumba macho amtafute baba yake kitandani, mezani, mlangoni akirudi sala ya Ijumaa. Kila mahali alikuwa amekaa huyu wa ukutani.

"Mama, niambie tena! Haraka! Kope ipi?"

Hajja Tafida aliitazama picha kwa muda mrefu. Hofu ilikuwa imemtoka. Akachukua kikombe kimoja cha kahawa, akakiweka chini ya picha kwa upole, kama alivyozoea kumwekea mumewe.

"Ya kulia, mwanangu," alisema. "Siku zote ilikuwa ya kulia."