Pipa la Baba Mkwe

"Jirani, pipa tupu unalifuta vumbi kila siku. Lina nini?"

Fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye aliyeniuliza hivyo zamani. Nilimwambia ni la baba mkwe. Ujanani alifanya kazi kwenye meli ya kuwinda nyangumi. Walishuka kwa mashua za makasia, wakamrushia mnyama chusa, mkuki wenye ncha ya kunasa. Chusa kilifungwa kamba, na kamba ikafungwa pipa kama hili.

"Pipa halizami," nikamweleza. "Nyangumi akipiga mbizi, linamvuta juu. Anachoka. Akichoka, wanammaliza. Mafuta yake yaliwasha taa za miji."

"Maskini. Na sasa?"

"Zilikuja meli za injini, nyangumi wakauawa hadi wakakaribia kwisha. Mataifa mengi yakakubaliana kuacha. Baba mkwe akabaki na pipa."

"Na wewe ukabaki na vumbi," akacheka.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, huvua kaa kwa mitego. Mimi humfungia hapa ukumbini kamba za kuunganisha mitego na maboya yanayoelea juu. Tulizoea kamba nyepesi inayoelea, kwa sababu hailiwi na mwamba. Tena tuliiacha ndefu. Tuliona huo ndio ujuzi.

Asubuhi moja, ndiyo kwanza namaliza sala, shemeji aliingia amelowa.

"Shemeji, kisu kiko wapi? Nyangumi amenasa kwenye kamba zetu. Ana mtoto ubavuni."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Nikate maboya kwanza, yasipotee. Kisha niruke majini nimfungue."

Nikasimama mlangoni. Nyumba hii imeshazika mmoja wa baharini.

"Utapita juu yangu," nikamwambia. Nikapiga simu ofisi ya uhifadhi wa bahari.

Afisa aliyekuja alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimtazama shemeji, akatazama na kisu.

"Kaka, weka hicho. Mkia wake ukigeuka, mashua yako ni ganda la karanga. Na wewe ukiwa majini, nani atakuona?"

"Kwa hiyo nimwache afe? Kamba ni yangu. Mimi ndiye niliyemfunga."

Afisa aligeukia pembeni. Alikuwa ameliona pipa.

"Mama, hili si la wawindaji?"

"La baba mkwe."

"Basi kazi yetu mnaijua. Sisi tunafunga maboya makubwa kwenye kamba anayoiburuta. Anachoka, anatulia juu. Hapo tunakata kwa kisu cha mpini mrefu, wenyewe tumo ndani ya mashua. Ukikata maboya yako, kaka, umetunyang'anya pa kumshikia. Atakwenda na kamba mwilini, tusimwone tena."

Shemeji alilitazama pipa.

"Ujanja ule ule," akasema polepole.

"Ule ule. Mwisho wake ndio mwingine."

Kazi aliyopewa shemeji ilikuwa kuangalia tu. Alikaa mbali, injini taratibu, asimpoteze mnyama machoni mpaka kikosi cha uokoaji kifike. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa. Jua lilikuwa limeegemea magharibi kamba ya mwisho ilipokatwa. Mama nyangumi alipumua kwa kishindo, akaondoka na mtoto wake. Nilimshukuru Mungu kwa wote, wa majini na wa mashuani.

Afisa alirudi kutufundisha.

"Kamba inayoelea ni mtego wa pili. Tumieni inayozama, ilale chini. Urefu wake usizidi sana kina cha maji. Na mtego usiotumika, utoeni baharini."

"Itasagwa na mwamba," shemeji akanung'unika.

"Itasagwa. Utabadilisha."

Tulibadilisha zote. Vidole vyangu viliuma kwa mafundo mapya. Tangu hapo hajanasa nyangumi kwetu, na kaa wanaingia vile vile.

Juzi fundi cherehani alikuwa hapa, anamtania shemeji.

"Mkunga wa nyangumi, leo huzalishi?"

Kabla hajajibiwa, simu ililia; alikuwa yule afisa. Nyangumi mwingine amenasa, kwenye kamba za watu wengine. Kikosi kiko njiani, kinatafuta mtu wa kumwangalia mnyama.

Shemeji akasimama. Kisu kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, karibu na mlango. Alikitazama. Nami nilimtazama yeye, midomo yangu ikiomba kimyakimya.

Akachukua koti la mvua na darubini, akatoka.