Mama wa Sahani Mbili

Kivuko cha Kigongo siku ya gulio hakina adabu. Mbuzi, magunia ya mihogo, watu wanasukumana kuwahi pantoni! Katikati ya zogo hilo Daktari Mutayoba, Mhaya wa watu na suruali yake ya bugaluu iliyopigwa pasi, akakanyagwa na kiatu cha raizoni, soli nene kama tofali.

"Pole, kaka. Lakini na wewe, mguu mrefu hivyo si ungeuacha Bukoba!"

Akageuka akitaka kufoka. Aliyemkanyaga ni msichana wa gauni la kitenge cha manjano, nywele kasuka twende kilioni. Hasira ikamwisha palepale. Jina lake Teodora, mzaliwa wa Busisi, opareta wa simu posta ya Mwanza.

Toka wiki ile daktari akawa mtu wa simu.

"Namba gani, tafadhali?"

"Yako, mpenzi."

"Hiyo inatumika. Jaribu jioni."

Penzi likanoga, wee! Lakini daktari alikuwa na jambo asilomwambia mtu. Alitibu magonjwa ya akili, na makala yake moja ndiyo iliyompa jina. Wataalamu wa Ibadan na London, wakiandika chao, lazima waitaje ya Mutayoba. Na kila lilipofika jarida lenye jina lake, akilala tu, mama mmoja wa makamo anamjia na sahani mkononi. "Umekula, baba?" Anaamka shati limelowa jasho. Alimwogopa mama yule, na bado majarida aliyangoja kwa hamu.

Siku moja hotelini, akitaka kujigamba mbele ya mchumba, akamsimulia.

"Mjane wa huko kwenu Busisi. Mumewe alizama ziwani, maiti haikupatikana. Kila jioni anampelekea chakula ufukweni, anaongea naye. Nikamlaza wodini. Dunia nzima inamjua kwa kalamu yangu!"

Teodora akaweka glasi chini. "Alikuwa anaweka sahani mbili?"

"Umejuaje?"

"Ya pili ilikuwa yangu. Nilikuwa shuleni Tabora. Yule ni mama yangu, Mutayoba. Alikuwa na msiba, na wewe ukamfungia mpaka akafa."

Akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo kila akipiga posta anajibiwa, "Hayupo." Mama wa ndotoni naye hakungoja tena majarida, alikuja kila daktari alipofumba macho. Daktari akakonda. Mwisho akaandika makala nyingine, kwamba alikosea, mjane yule hakuwa mgonjwa, alikuwa anaomboleza.

Rwegasira, mwenzake kazini, akamsihi. "Unajichimbia kaburi! Cheo chako kimesimama juu ya ile ya kwanza."

"Na kianguke."

Ilipochapishwa akampelekea Teodora nakala. Mwaka mzima kimya. Wataalamu waliendelea kuitaja ile ya kwanza. Ya pili hakuna aliyeigusa.

Asubuhi moja simu ikalia ofisini.

"Nimeisoma," alisema Teodora. "Nimeisoma mpaka imechanika."

"Teo! Nisamehe."

"Kuna mwingine aliyeisoma?"

"Sijamsikia. Kwa wataalamu mama yako bado ni kichaa, na siwezi kuwanyamazisha. Na bado ananijia ndotoni."

"Hata kwangu anakuja." Akamsikia anavuta kamasi. "Anaitwa Kashindye. Makala zote mbili hukumwandika jina."

"Sheria zetu madaktari haziruhusu kumtaja mgonjwa, mpenzi."

"Za kwetu Busisi zinaruhusu. Jumamosi leta wazee wako, walete posa. Binti yetu wa kwanza ni Kashindye, na kila asubuhi utamwita wewe."